Fuata Shamba, Usifuate Jina: Mwongozo Kamili wa Kumtafuta Mlowezi wa Kwanza wa Ukoo Marekani

Tarehe 7 Mei 1785, katika misitu ya Kentucky, mpima ardhi alimpimia mtu mmoja shamba la ekari 400 kwenye kijito kiitwacho Long Run. Aliandika kwamba mpaka unaanzia kwenye mti wa sukari ulio kando ya kijito, unakwenda mashariki poli 300 (poli ni kipimo cha kale cha urefu) hadi kwenye mti wa mpopla, unapanda kaskazini poli 213 na theluthi moja, unageuka magharibi poli 300 hadi kwenye mwaloni mweupe, kisha unashuka kusini mpaka pale ulipoanzia. Mwenye shamba aliandikwa Abraham Linkhorn. Chini kabisa yakawekwa majina ya waliobeba mnyororo wa kupimia: Hananiah Lincoln na Josiah Lincoln.

Linkhorn ni Lincoln, lilivyosikika masikioni mwa aliyeandika. Josiah alikuwa mwanawe, Hananiah ndugu wa ukoo. Mwaka mmoja baadaye Abraham huyu aliuawa shambani mwake, katika vita vya walowezi na Wahindi Wekundu ambao ardhi ile ilikuwa yao kabla haijapimwa. Mwanawe mdogo, Thomas, alipopata mtoto wa kiume alimpa jina la babu, na mtoto huyo ndiye aliyekuja kuwa rais wa 16 wa Marekani. Tazama karatasi moja ya mpima ardhi ilivyobeba: babu, mtoto, ndugu, kijito, na tahajia ya jina ambayo usingeiota. Huko mpakani mwa walowezi hakuna aliyekuwa akiandika vyeti vya kuzaliwa.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa kwa ajili ya watoto wangu, ambao bibi yao mzaa mama ni mtu wa Kentucky. Wengi wetu tunaoishi Marekani tuna watoto au wajukuu wa namna hiyo: upande mmoja ukoo unahesabiwa kwa vinywa vya wazee, upande wa pili umelala katika madaftari ya kaunti. Mwongozo huu ni wa upande wa pili. Nitautembeza kwa ukoo wa Lincoln, kwa sababu hati zake zimechunguzwa na wengi, na kwa sababu Lincoln mwenyewe alikwama. Mwaka 1859, alipoandika maelezo mafupi ya maisha yake, alijua kwamba babu yake alitoka Kaunti ya Rockingham, Virginia, na kwamba wazee wa kabla yake walitoka Kaunti ya Berks, Pennsylvania. Zaidi ya hapo alikuwa na fununu tu: akina Lincoln wa New England walikuwa na majina yanayofanana na ya kwao, Mordecai, Levi, Enoch, Abraham. Kufanana kwa majina hakukumfikisha popote. Hati za ardhi ndizo zilizofungua njia, baada ya yeye kufa.

Anza na walio hai

Usianze na meli. Kila anayeanza hutaka kumkuta babu aliyeshuka melini, kisha amshushe hadi kwake. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kujipatia babu asiye wako. Anza na wewe au mwanao, kisha mzazi, kisha babu, kizazi kwa kizazi, na usivuke kizazi kimoja mpaka uwe na karatasi inayosema kwamba huyu ni mtoto wa yule.

Fungua daftari au jedwali la kompyuta lenye safu nne: dai, hati inayolithibitisha, mahali hati ilipo (daftari namba ngapi, ukurasa wa ngapi), na nani alikuwa anazungumza ndani ya hati hiyo. Safu ya nne watu huiruka, nayo ni muhimu mno. Cheti cha kifo kinachomtaja mama wa marehemu kimesemwa na mtu mwingine, labda mkwe aliyekuwa katika majonzi na hakuwahi kumwona huyo mama. Tarehe ya kifo hapo iamini. Jina la mama lichukue kama tetesi njema.

Nyumbani uliza Biblia ya familia. Wamarekani wa zamani waliandika ndoa, uzazi na vifo katika kurasa za katikati, kati ya Agano la Kale na Jipya. Tazama mwaka Biblia ilipochapishwa: kama ni 1845 na uzazi wa kwanza umeandikwa 1790 kwa wino uleule, mtu aliandika yote siku moja kutoka kichwani.

Na miti ya ukoo iliyotundikwa mitandaoni isome, lakini usiinakili. Nilipoteza miezi minane nikimfuata John mmoja wa Virginia niliyemkuta kwenye mti uliorudiwa na mamia ya watu. Hapakuwa na hata mmoja aliyeweka hati. Nilipofungua daftari la kodi nikakuta kaunti ileile, mwaka uleule, ina watu watatu wenye jina hilo, na wetu alikuwa yule asiye na watumwa wala farasi, ambaye hakuna aliyekuwa na haja ya kumdai. Uongo wa makusudi pia upo. Mwanzoni mwa karne ya 20 Gustave Anjou aliwauzia matajiri wa Marekani nasaba za kughushi, na baadhi ya vizazi alivyovibuni vinaendelea kunakiliwa hadi leo.

Sensa inakufikisha 1850, kisha taa inazimika

Sensa ya Marekani hufanyika kila miaka 10 tangu 1790, na majina hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 72. Ya karibuni iliyo wazi ni ya 1950. Rudi nayo nyuma kwa mpangilio. Ya 1900 ina mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Ya 1890 iliharibiwa karibu yote na moto wa 1921, kwa hiyo jiandae kuruka miaka 20. Ya 1880 inaeleza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa kaya. Ya 1850 ndiyo ya kwanza kumtaja kwa jina kila mtu huru.

Kabla ya hapo, 1790 hadi 1840, anatajwa mkuu wa kaya peke yake, wengine ni hesabu tu katika safu za umri. Abraham Lincoln alizaliwa 1809. Katika utoto wake hakuna sensa ambayo ingeweza kumtaja kwa jina. Hapa ndipo watafutaji wengi hukata tamaa, na hapa ndipo ardhi inapochukua usukani. Marekani ya karne ya 18 ilikuwa nchi ya wakulima, na anayemiliki shamba huacha alama anaponunua, anapolipa kodi, anapogombana na jirani, anapouza na anapokufa.

Jua ardhi ni ya serikali gani

Swali la kwanza kwa kila shamba ni hili: nani aliitoa ardhi hii mara ya kwanza? Majimbo 20 yaligawa ardhi yao wenyewe, nayo ni makoloni 13 ya mwanzo na yaliyomegwa kwayo (Maine, Vermont, Kentucky, Tennessee, West Virginia), pamoja na Texas na Hawaii. Katika majimbo mengine 30, ardhi ilitolewa na serikali kuu. Ukilikosea hili utatafuta katika ofisi ambayo haikuwahi kumwona babu yako.

Majimbo 30 ndiyo rahisi. Sheria ya 1785 iliamuru ardhi ikatwe miraba: taunishipu moja ni maili sita kwa sita, ina seksheni 36, na kila seksheni ni ekari 640. Thomas Lincoln alipohamia Indiana mwishoni mwa 1816, aliomba robo ya kusini-magharibi ya seksheni 32, taunishipu 4 Kusini, renji (yaani safu ya taunishipu) 5 Magharibi. Ni ekari 160, na ukiwa na maneno hayo tu unaweza kusimama leo katikati ya shamba lake. Bei ilikuwa dola 2 kwa ekari, kwa mkopo. Oktoba 1817 aliweka dola 16, kisha akaongeza 64. Mwaka 1827 alirudisha nusu ya shamba ili malipo yake yatoshe nusu iliyobaki, akapewa hati ya ekari 80. Kwa mtafutaji, kurudisha nusu shamba ni habari kubwa: inaeleza hali ya mfuko wa nyumba ile kuliko simulizi yoyote.

Hati za mwanzo za majimbo haya ziko kwenye tovuti ya rekodi za ardhi ya Bureau of Land Management, idara ya ardhi ya serikali kuu, bure, zaidi ya milioni tano. Tafuta kwa jina; ukimpata, usiondoke. Chukua namba za seksheni, taunishipu na renji, kisha tafuta upya kwa namba hizo bila jina, uone nani walichukua viwanja vya pembeni. Wakwe na mashemeji wamejaa humo, kwa sababu watu hawakuhamia porini peke yao.

Kama babu yako alipata shamba kwa sheria ya 1862, ile ya ekari 160 kwa anayekaa na kulima miaka mitano, agiza jalada lake lote kutoka Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Marekani. Hati ya mwisho ni ukurasa mmoja, lakini jalada lina ushahidi wa majirani, ukubwa wa nyumba, mazao, na kwa mhamiaji wa kigeni, karatasi za uraia.

Kwenye majimbo 20, mpaka unausoma na kuuchora

Huku hakuna miraba. Mpaka unatoka mti hadi mti, jiwe hadi kijito, na shamba la jirani linatajwa kwa jina la jirani. Vipimo ni vichache, vishike kichwani: poli moja ni futi 16 na nusu. Poli nne ni mnyororo mmoja wa futi 66. Minyororo 80 ni maili. Poli za mraba 160 ni ekari moja.

Rudi Long Run. Poli 300 mara 213 na theluthi moja ni poli za mraba 64,000. Gawanya kwa 160, unapata 400 kamili, sawasawa na zilizoandikwa. Fanya hesabu hii kila mara. Isipokubali, kuna mstari karani ameuruka au namba ameisoma vibaya, na unatakiwa kutafuta nakala nyingine ya hati.

Kisha chora. Chukua karatasi yenye miraba, amua kwamba sentimita moja ni poli 20, tumia pima-pembe, na uweke kila mstari kwa mwelekeo wake. Chora mashamba ya majirani kwa kipimo hichohicho, yakate kwa mkasi, uyapange mezani. Mtu wa nje anaweza kuona ni mchezo wa watoto, lakini mimi sijaona njia iliyonipa majibu mengi kama hii. Vipande viwili vikikaa sawasawa, mwaloni wa kona ya huyu ukiwa ndio mwaloni wa kona ya yule, umepata majirani wa kweli. Na mara nyingi unagundua kwamba vipande viwili vilivyouzwa na watu tofauti miaka 30 baadaye vilikuwa shamba moja la mzee mmoja, lililogawanywa kwa watoto ambao hakuna wosia uliowataja.

Wabeba mnyororo wasome kwa makini, maana mara nyingi walikuwa watoto, wadogo au majirani wa mwenye shamba. Kwa Kentucky, ofisi ya ardhi ya jimbo imeweka mtandaoni picha za vibali, vipimo na hati, tena bure. Kwa Virginia, hati za tangu enzi za ukoloni zimewekwa na maktaba ya jimbo. Kila shamba la mwanzo lina karatasi zaidi ya moja: kibali cha kununua, ombi la mahali, kipimo, kisha hati yenyewe. Mtu aliweza kufa kati ya kipimo na hati, na hapo ndipo hati hutoka kwa jina la mrithi na kukuambia ni mtoto wa nani.

Tena Virginia ya kikoloni ilikuwa na desturi ambayo nimeipenda sana: kila baada ya miaka minne hivi, kamati ya parokia iliwatuma majirani watembee mipaka pamoja na kuweka upya alama kwenye miti. Waliotembea waliandikwa. Vitabu vya parokia vilivyosalia vinakupa mtaa mzima wa watu, shamba kwa shamba, mahali ambapo sensa haikuwapo.

Hati ya mauziano isomwe mpaka nukta ya mwisho

Baada ya mtu wa kwanza, shamba huuzwa kati ya watu, na hati zinakuwa katika mahakama ya kaunti. Faharasa ni mbili: moja kwa jina la muuzaji, moja kwa jina la mnunuzi. Andika kila hati ya jina lako kwenye zote mbili, kisha zipange kwa miaka. Sasa tafuta pengo. Kama mtu aliuza shamba ambalo hakuwahi kulinunua, alilipata wapi? Amerithi, au mkewe amerithi. Pengo hilo ndilo mlango.

Bei nayo inasema. Shamba zima kwa dola moja, au kwa mapenzi na huruma, ni mzazi kwa mtoto. Shilingi tano katika hati za Virginia ya kikoloni inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mauzo ya kawaida yaliandikwa kwa hati mbili za siku mbili mfululizo, ya kwanza ya kukodisha kwa shilingi tano, ya pili ya kuachilia kwa bei halisi. Fungua ukurasa unaofuata kabla ya kusherehekea.

Mke alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya mumewe akifa, kwa hiyo mnunuzi mwerevu alihakikisha mke ameachilia haki hiyo, akihojiwa na mahakimu peke yake, mume akiwa hayupo. Ndiyo maana jina la mke linapatikana hapa wakati halipo pengine popote. Mke akitajwa katika hati ya 1768 na mwingine ya 1775, usiseme ni mmoja mwenye majina mawili. Huenda wa kwanza alikufa na hapa umeupata muda wake.

Mashahidi waandike wote. Na ukiona alama ya X kwa mtu uliyedhani anajua kusaini, simama: huenda hao ni watu wawili. Kumbuka tu kwamba daftari la kaunti ni nakala ya karani, kwa hiyo mwandiko wote ni wake, ila X aliinakili kama alivyoikuta.

Hadi hivi karibuni kazi hii ilihitaji kukaa Marekani na kusafiri kaunti kwa kaunti. Sasa FamilySearch, tovuti ya bure ya kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho, imeweka picha za madaftari mengi, na tangu 2024 ina utafutaji unaosoma mwandiko wa mkono ndani ya hati za ardhi na mirathi. Unaweza kuandika jina la babu pamoja na jina la kijito, ukamkuta kama shahidi katika hati ya mtu mwingine, jambo ambalo faharasa isingekuonyesha kamwe. Jaribu tahajia zote. Soma jina kwa sauti, kisha liandike jinsi mtu asiyelijua angeliandika.

Sheria ya mirathi nayo uijue. Abraham wa Long Run aliuawa 1786 bila wosia. Kentucky ilikuwa bado ni Virginia, na hadi mwanzo wa 1787 Virginia ilifuata sheria kwamba kifungua mimba wa kiume ndiye anayerithi ardhi. Mordecai, mkubwa, ndiye aliyekuwa mrithi; Thomas, mdogo, alianza maisha mikono mitupu. Anayekuta shamba limekwenda kwa mtoto mmoja akadhani mzee alikuwa na mtoto mmoja, amewafuta wenzake wote. Orodha ya mali inayohamishika ya marehemu, farasi, ng'ombe, bunduki, jembe, ilisajiliwa Kaunti ya Nelson.

Madaftari ya kodi ya Virginia yanaanza 1782, yanakwenda mwaka kwa mwaka, na yanaziba mapengo ya sensa. Kijana hutokea kwanza kama tarakimu ndani ya mstari wa baba akifika miaka 16, kisha kwa jina lake akitimiza 21. Baba akitoweka na mjane akitokea mahali pake, umepata mwaka wa kifo.

Kaunti huhama, shamba halihami

Mordecai Lincoln, babu wa yule wa Long Run, alikufa 1736 mahali ambapo leo ni Kaunti ya Berks, Pennsylvania. Lakini Berks iliundwa 1752. Wosia wake unautafuta Philadelphia. Mwanawe John alihamia Virginia na kununua ekari 600 kwenye Linville Creek mwaka 1768. Leo ni Rockingham, lakini Rockingham ilianza 1778, kwa hiyo hati ya ununuzi unaitafuta Kaunti ya Augusta, mjini Staunton. Shamba halikuhama hata hatua moja, na hati zake ziko katika miji miwili. Newberry Library ya Chicago ina ramani za bure zinazoonyesha mipaka ya kila kaunti kwa tarehe. Kabla ya kutafuta hati yoyote, weka mwaka, uone eneo lile lilikuwa chini ya nani.

Mahakama pia ziliungua. Hati za Rockingham zilichomwa wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1864, na zilizosalia zina kingo zilizoliwa na moto. Ukiambiwa rekodi ziliungua, nenda kwa zisizohifadhiwa kwenye kaunti: hati za kwanza za ardhi zilikuwa makao makuu ya jimbo, nakala za kodi pia, na alikohamia mtu kuna hati zinazotaja alikotoka. Baadhi ya wenye mashamba walirudisha hati zao za nyumbani zisajiliwe upya, kwa hiyo hati ya 1790 inaweza kukutwa katika daftari la 1870.

Hati moja ya New Jersey

Sasa tufike pale Lincoln alipokwama. Tuna John wa Virginia, tunajua alitoka Pennsylvania. Tuna Mordecai wa Pennsylvania, aliyemwachia mwanawe John katika wosia ekari 300 zilizoko New Jersey. Lakini je, John huyu ni John yule? Mtu wa kuhisi angesema ndiyo, akaendelea.

Jibu linatoka jimbo la tatu. Novemba 1748, John Lincoln, mfumaji wa Kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, aliuza ekari 300 katika Kaunti ya Middlesex, New Jersey. Katika hati alijitaja kuwa mwana na mrithi wa Mordecai Lincoln. Ardhi aliyoiuza ilitoka upande wa akina Salter, na mke wa kwanza wa Mordecai alikuwa Hannah Salter wa Monmouth, New Jersey. Wosia, mke na shamba vimekutana mahali pamoja. Na kwa nini ukoo huu ulikuwa New Jersey? Kwa sababu Mordecai na ndugu yake Abraham, mafundi wa chuma, walikuwa wametoka Massachusetts. Wosia wa baba yao, Mordecai wa Scituate, wa mwaka 1727, unawataja wote wawili. Kazi ya chuma iliwatembeza kutoka Scituate hadi New Jersey hadi tanuri za Pennsylvania. Fuatilia ufundi kama unavyofuatilia shamba, maana mhunzi huhamia penye chuma.

Kila jina la ukoo huu lilikuwa limejulikana kwa muda mrefu. Aliyekosekana ni mtu wa kufuata kipande cha ardhi hadi katika jimbo ambalo wahusika hawakuishi tena. Kwa hiyo unaposoma wosia, kila shamba linalotajwa nje ya kaunti liandikie mstari wake, kisha uende ukatafute aliyeliuza.

Maneno na tarehe yanayopotosha

Hadi 1752 makoloni ya Kiingereza yaliuanza mwaka tarehe 25 Machi. Wosia wa Mordecai una tarehe ya Februari 1735, naye alikufa Mei 1736. Haukutangulia kifo kwa miezi 15. Februari ile kwetu ni ya 1736, haukupita hata miezi mitatu, mzee alikuwa ameshajiona anaondoka. Andika tarehe za Januari hadi Machi kwa miaka yote miwili, 1735/36, usije ukamzaa mtoto kabla ya ndoa ya wazazi.

Mkubwa na mdogo wa jina moja, walioandikwa Senior na Junior, hawakuwa lazima baba na mwana. Waliweza kuwa ami na mpwa, au watu baki wa kijiji kimoja, na mkubwa akifa mdogo hupanda cheo. Aliyeitwa binamu aliweza kuwa mpwa. Aliyeitwa mkwe aliweza kuwa mtoto wa kambo. Kiswahili kinatenganisha ami, mjomba, shangazi na mpwa vizuri kuliko hati hizi, kwa hiyo usitafsiri upesi. Andika neno la hati kama lilivyo mpaka hati nyingine ieleze.

Vipimo vya DNA vinasaidia, lakini kwa kiasi. Cha kawaida kinapungua nguvu kila kizazi na baada ya vizazi vitano au sita huwezi kukitegemea peke yake. Kipimo cha mstari wa baba kwa baba kinakwenda mbali zaidi, na kinafaa kutenganisha koo mbili zenye jina moja.

Ng'ambo ya bahari

Ukifika Massachusetts umefika mahali penye karatasi nyingi: uzazi na vifo viliandikwa na kila mji tangu mwanzo, na viwanja vya kwanza viliandikwa mtu kwa mtu. Baba wa Mordecai wa Scituate ni Samuel Lincoln wa Hingham ya Massachusetts. Orodha ya wasafiri ya 1637 inamtaja Samuel kama mtumishi wa mfumaji Francis Lawes, umri miaka 18. Kitabu cha kanisa la Hingham, Uingereza, kinaonyesha Samuel Lincoln alibatizwa Agosti 1622, yaani hakuwa amefika 15. Hapa usichague unayoipenda ukaificha ya pili. Ziandike zote mbili, kisha angalia ardhi: huko Massachusetts Samuel aliungana na kaka yake Thomas, mfumaji, ambaye hakuwa na mtoto na alimwachia Samuel ardhi. Ndugu, ufundi na mji vinakubaliana, kwa hiyo umri wa melini unabaki kuwa swali dogo.

Wengi hawana orodha ya meli. Huko Virginia, tangu 1618, aliyelipia nauli ya mtu alistahili ekari 50 kwa kila kichwa, na majina ya vichwa hivyo yaliandikwa katika hati. Soma majina hayo, ila usidhani tarehe ya hati ni tarehe ya kufika. Haki hizo ziliuzwa na kutunzwa miaka mingi.

Na si kila mlowezi wa mwanzo alitoka Ulaya. Antonio, Mwafrika aliyeletwa Virginia mwaka 1621, alikuja kuwa mtu huru aliyejulikana kama Anthony Johnson, na mwaka 1651 alipata ekari 250 katika Kaunti ya Northampton kwa vichwa vitano. Tunamfuata kwa hati zilezile: nafuu ya kodi aliyopewa na mahakama baada ya moto wa 1653, kesi yake ya 1655 ya kumdai John Casor, Mwafrika mwenzake, kuwa mtumwa wake, kisha shamba la kukodi la ekari 300 huko Somerset, Maryland. Alipokufa 1670, baraza la wazee wa mahakama Virginia lilitamka kwamba kwa kuwa alikuwa mweusi alikuwa mgeni, na ardhi yake aliyoiacha kule ikachukuliwa.

Kwa vizazi vilivyobaki utumwani, sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wengi wao kwa majina. Za 1850 na 1860 zina majina ya wamiliki tu. Nyuma ya hapo unamfuata mmiliki: wosia wake, orodha ya mali, hati za kugawia watoto, ambamo watu wameandikwa kwa jina la kwanza na bei. Ni kusoma kugumu. Pumzika unapohitaji, na nakili kila jina lililomo, si la wa kwako peke yake, kwa sababu kuna anayelitafuta.

Maryland ina msaada wake wa pekee: mashamba yalipewa majina, na faharasa zake hupangwa pia kwa jina la shamba. Kwa hiyo jina la mtu likikupotea, tafuta kwa jina la shamba. Mwaka 1677 mjukuu wa Anthony, John Johnson, alikuwa na lake huko Somerset, ekari 44, na jina lililoandikwa ni Angola.